Mtamba wa Kashindye na Nyuki Waliohama

Mmeanza tena. Mtu hajamaliza kupukuchua mahindi yake, mmeshamzunguka kama vifaranga: bibi hadithi, bibi hadithi. Hadithi inajaza debe? Haya, kila mmoja achukue gunzi lake. Mkono ukipukuchua, sikio halina kazi, lisikilize. Na nawaambia mapema: hii si hadithi ya kulalia. Ina kesi ndani yake, kesi iliyowashinda wazee wenye mvi mpaka masikioni, kwa hiyo asinijie mtu kesho kuniuliza jibu. Jibu sina. Ningekuwa nalo, yule ng'ombe ningeshamswaga mimi.

Walikuwako wanne, kila mmoja na kipawa chake na kila mmoja na kasoro yake, maana Mungu hampi mtu kitu bila kukimegua pembeni.

Wa kwanza ni Mlembe, kile kindege chenye kuonyesha asali. Kipawa chake macho. Hakuna nyuki waliokaa porini asiowajua wako mti gani, tundu gani, wamehamia lini. Kasoro yake mdomo: ganda la karanga halipasui. Anaiona asali mwaka mzima kama maskini anayetazama harusi kupitia uani.

Wa pili ni Nyegere. Kipawa chake makucha, na ngozi nene ambayo mwiba wa nyuki hupinda juu yake kama sindano kwenye ubao. Mti anaupasua hivihivi. Kasoro yake haoni mbali, na ananuka. Ananuka hata yeye mwenyewe akigeuka ghafla hupiga chafya.

Wa tatu ni Kalunde, mwanamke mjane wa kijiji cha Mwalugembe, mrina asali. Kipawa chake mikono. Alitia mkono ndani ya mzinga na kuutoa polepole kama mtu anayemlaza mtoto, nyuki wasimguse. Kasoro yake ulimi. Huo ulimwuma kila mtu.

Wa nne ni Nyuki. Kipawa chao kazi, kasoro yao hasira. Hilo mnalijua, wengine mnalijua kwa makalio.

Na Kashindye? Kashindye kipawa hakuwa nacho. Alikuwa na ng'ombe.

Alikuwa pia na binti, Nshoma, na mwaka huo Nshoma aliposwa na kijana Mabula wa ng'ambo ya mto. Sasa, kwa watu wa Mwalugembe posa haiishii mdomoni. Siku hiyo upande wa kijana huja na mbegu moja ya boga, nayo hupandwa nyuma ya jiko la mama wa binti. Boga la mmea huo ndilo bibi harusi anajitwisha kichwani siku ya kuondoka. Bila boga haondoki. Mvua zikikatika na mmea haujazaa, posa imekufa, kijana akatafute kwingine. Nshoma alimpenda Mabula. Msiniulize kwa nini, kijana mwenyewe masikio yake kama sahani mbili za ubwabwa. Lakini alimpenda, na mbegu ilipofukiwa aliitemea mate ya baraka mpaka mama yake akamwambia, "Basi, utaiozesha."

Siku hiyohiyo ya posa ndipo balaa lilipoingia. Bi Wande, shangazi wa Mabula, mwanamke mzito wa mwili na wa maneno, alisimama kuutaja ukoo wao. Alipofika kwa babu wa tatu, nyuki mmoja akamwuma kwenye mdomo wa juu. Mdomo ukaumuka kama andazi. Mababu saba waliobaki walitajwa kwa mluzi mtupu. Watu waliinama, wengine wakajifanya wanafunga viatu ambavyo hawakuvaa. Kashindye peke yake hakucheka. Aliona nyumba yake imevuliwa nguo mbele ya wakwe.

Nyuki wale walikaa katika tundu la mninga nyuma ya zizi, tangu enzi za babu yake. Wageni walipotoa tu mguu, Kashindye akakusanya mavi makavu ya ng'ombe na kibaba kizima cha pilipili.

"Baba Nshoma," mkewe Nyamizi akamwita, "hao umewakuta."

"Na kunguni niliwakuta. Niliwaacha?"

"Kunguni humwuma mwenye nyumba. Hawa wamemwuma aliyesema sana."

"Unamtukana mkwe wako?"

"Simtukani. Nahesabu mababu tu."

Akawasha. Moshi wa pilipili ukaingia tunduni, nyuki wakatoka wingu zima, wakazunguka zizi mara mbili, wakashika njia ya porini. Kashindye akaliziba tundu kwa udongo na kulisawazisha kwa kiganja, akarudi nyuma kulitazama kama fundi. Hapakuwa na nyuki. Hapakuwa na aibu. Alijisikia mwanamume.

Mmea ukaota. Ukatambaa, ukapanda ukuta wa jiko, ukachanua maua ya manjano makubwa kama vikombe. Yako maua yenye kikonyo kirefu kitupu, na yako yale yenye kiboga kidogo kama gololi chini ya shingo. Kashindye alivihesabu viboga hivyo kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Vitano. Kesho yake vinne, kimoja kimegeuka njano na kudondoka. Keshokutwa viwili. Halafu hakuna. Vikaja vingine, navyo vikadondoka.

Kashindye akakaa akawaza, nako kuwaza hakukumzoea. Akaona ni kijicho. Kuna mtu anapita hapa, analitazama boga la binti yangu kwa jicho baya. Akajenga ua wa miiba kuuzunguka mmea. Viboga vikadondoka. Akaona jicho linapenya miiba. Basi akatoa koti lake, koti lenyewe la kuozeshea, akaufunika mmea kuanzia shingoni mpaka miguuni, akaleta kigoda na mkuki, akakaa pale tangu jogoo la kwanza mpaka adhuhuri. Hata inzi akimkaribia alimfukuza. Mmea ule ulilindwa kuliko ng'ombe.

Nshoma alichokuwa akifanya ni kutoka nje na kutazama mbingu. Mawingu yalikuwa yanapungua. Mvua zimebakiza wiki tatu, labda mbili.

Hapo ndipo Kalunde alipopita kuomba chumvi.

"Hodi humu. Mnamwuguza nani?"

"Boga," akasema Kashindye.

"Boga linavaa koti?"

"Wenye macho mabaya ni wengi, Kalunde. Kama umekuja kutazama, tazama pembeni."

Kalunde akachungulia juu ya miiba. Akaliona koti, akauona mkuki, akayaona maua yaliyolala chini kama ndimi za wagonjwa. Kisha akautazama mninga na lile tundu lililozibwa. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kashindye, hebu niambie. Mabula alipomtaka Nshoma, alikuja mwenyewe mlangoni akasema nipeni?"

"Ah! Ana adabu. Alimtuma mshenga."

"Na mshenga ungemfukiza pilipili?"

"Mshenga? Ningekuwa mwehu?"

"Sasa ua dume liko kule ukutani, ua jike liko hapa chini ya koti lako. Hawana miguu. Aliyekuwa anatoka kwa huyu kwenda kwa yule, alfajiri, na unga wa njano miguuni, ni nani?"

Kashindye alitazama mninga wake. Alianza kuona, na kuona kulimwuma.

"Umemfukuza mshenga," Kalunde akasema, "kisha umekaa na mkuki unangoja mtoto."

Nyamizi, aliyekuwa jikoni, hakusema "nilikwambia." Aligongesha tu kifuniko cha chungu, nacho kilisema vizuri zaidi.

Kashindye akasimama mbele ya mkewe na binti yake na jirani waliokwisha kusanyika kwenye ua, maana kicheko cha Kalunde hakiitiwi watu. Akalamba udongo, akaapa: "Atakayeniletea nyuki warudi, boga likazaa, mtamba wangu Mapambo ni wake. Mmoja, mzima, akiwa na pumzi." Watu wakaguna. Mapambo alikuwa mtamba mweupe mwenye madoa mekundu, na Kashindye alimsemesha jioni kuliko alivyomsemesha mkewe. Lakini udongo ukishalambwa haurudi chini.

Asubuhi Kalunde akaingia porini na mzinga mtupu wa magome na mwenge wa moshi, Kashindye nyuma yake na shoka. Enzi hizo ndege na wanyama walisema. Siku hizi wamenyamaza, nadhani wamechoka kutusikiliza.

Kalunde akapiga mluzi. Mlembe akaja. "Nyuki wa kwa Kashindye?" akasema. "Wale waliofika wanakohoa? Nifuate." Akaruka, akatua, akaita, akangoja wenye miguu. Akaruka tena. Mabonde mawili, kichuguu, kijito, hata wakafika kwenye mti mmoja wa mkurungu, mrefu, mgumu, wenye ufa mwembamba kama jicho la mtu anayesinzia. "Humo," akasema. Bila yeye wangezunguka pori lile mpaka mvua za mwaka wa pili. Lakini ufa ule, kidole hakiingii. Kashindye akalitia shoka. Shoka likaruka likavunjika mpini, na Kashindye akakaa chini akishika kiwiko.

Mlembe akaenda kwenye kichuguu, akaita shimoni. Nyegere akajibu kutoka ndani.

"Nani?"

"Mimi."

"Asali?"

"Asali."

"Twende."

Hawakuongea zaidi, ni watu wa kazi. Nyegere akaupanda mkurungu, akauvuta ufa kwa makucha, vibanzi vikaruka, nyuki wakamvamia uso na yeye akawatazama kama mtu anayenyeshewa manyunyu. Akaupanua mpaka kichwa cha mtu kingeingia. Bila yeye wangebaki chini wakisikiliza nyuki wanavyoimba. Lakini Nyegere hajui kufungua bila kula, na akishaanza kula hajui kuacha. Angemaliza masega, majana, wale watoto wa nyuki, na mama wa nyuki mwenyewe.

Hapo Kalunde akapanda. Akachukua mkaa, akachora mstari katikati ya tundu. "Huku kwako, huku si kwako. Ukivuka, nitawaambia nyegere wote kwamba umeanza kuoga." Nyegere akatetemeka, akala upande wake. Kalunde akatia mkono upande wa pili, polepole, akatoa masega na majana yake, sega baada ya sega, akayapanga mzingani, hata akamfikia mama wa nyuki. Bila yeye pangebaki nta na mbawa. Lakini nyuki hawahamishwi kama kuku. Wasipotaka, mzinga unabaki gome tupu.

"Mnarudi?" Kalunde akauliza.

"Kwa yule wa pilipili?" wakasema Nyuki.

"Huyohuyo."

"Amejuta?"

Kashindye akafungua kinywa. Kalunde akamtangulia. "Hajajuta. Amebanwa."

Nyuki wakavuma kidogo wakishauriana. "Afadhali," wakasema. "Aliyejuta hurudia. Aliyebanwa hukumbuka. Lakini yeye ndiye atubebe."

Basi Kashindye akajitwisha mzinga kichwani, kijito, kichuguu, mabonde mawili. Waliotoka kuchungulia walimwuma, mmoja sikioni, mmoja puani, na wengine mahali ambapo hakuna mkono wa kuachia mzinga ukakuna. Hakuthubutu kuuangusha. Aliwataja mababu zake wote njiani, na hakuishia kwa wa tatu.

Walipofika, Kalunde akautundika mzinga kwenye mninga uleule. Mmea ulikuwa umebakiza ua jike moja. Moja, la mwisho, na mbingu nyeupe. Alfajiri, koti likaondolewa. Kashindye akapiga magoti, jicho moja limefungwa kwa uvimbe, akatazama kwa lile lililobaki. Nshoma alisimama nyuma yake. Nyuki mmoja akatoka mzingani, akaingia ua dume kule ukutani, akagaagaa humo, akatoka wa njano kama aliyelala kwenye bizari. Akaruka. Akapita. Nshoma akafunga macho. Nyuki akarudi, akaingia lile ua la mwisho, akakaa kitambo, akatoka, akaenda zake.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza Kashindye.

"Ndiyo hivyo tu," akasema Kalunde. "Ulitaka ngoma?"

Kile kiboga hakikudondoka. Siku ya tatu kikawa ngumi, siku ya kumi kikawa kichwa cha mtoto, na mvua zilipokatika kilikuwa boga hasa, la kijani lenye michirizi. Nshoma akaondoka nalo kichwani, shingo imenyooka, hakuangalia nyuma hata mara moja. Watu walisema boga lile lilitoshana na kichwa cha baba yake, na Kalunde akauliza, "Kwa nje au mpaka ndani?"

Vumbi la ngoma halijatulia, wanne wakawa wamesimama langoni kwa Kashindye, wakimtazama Mapambo.

"Nimekuja kumchukua," akasema Mlembe. "Nisingeonyesha, mngekwenda wapi?"

"Ukaonyesha ufa," akasema Nyegere. "Ufa unaliwa? Aliyefungua ni mimi."

"Ukafungua tumbo lako," akasema Kalunde. "Nisingechora mstari, leo tungekuwa tunaozesha harufu yako."

"Na ninyi watatu," wakasema Nyuki, "ni nani kati yenu aliyeingia katika ua?"

Kashindye, uso wake bado mabonde na vilima, akaona mwanya. "Jamani, mbona wote mmeshalipwa? Mlembe umekula nta. Nyegere umekula majana. Kalunde umechukua kibuyu cha asali, nilikuona. Nyuki mmepata nyumba. Kila mmoja alikwenda kwa ajili ya tumbo lake. Hapa hakuna wa kudai."

"Kula kwangu ndiyo kazi yangu," akajibu Mlembe. "Wewe ukila, boga gani linazaa?"

Watu wakapiga makofi.

Mmoja akapendekeza Mapambo achinjwe wagawane. Akakumbushwa kiapo: mmoja, mzima, akiwa na pumzi. Mwingine akauliza ndege na nyuki watamfanyia nini ng'ombe.

"Ana kupe," akasema Mlembe. "Mimi nina marafiki wanaokula kupe."

"Ana mavi," akasema Nyegere. "Mavi yana madundu, wadudu wanene, na madundu ni matamu, msinikunjie uso."

"Mavi ni samadi," wakasema Nyuki, "na samadi ni maboga, na maboga ni maua. Mtamba huyo ni mzinga wetu wenye miguu minne."

"Mimi nitakunywa maziwa," akasema Kalunde. "Samahani kwa kukosa maajabu."

Wazee wakakaa. Kila waliyemtaja kuwa mshindi, wakamtoa kidogo kwenye hadithi kuona itakuwaje, na kila walipomtoa, boga lilidondoka. Walimtoa Mlembe, likadondoka. Wakamtoa Nyegere, likadondoka. Kalunde, Nyuki, vilevile. Mzee mmoja akasema tumtoe Kashindye, na hapo boga likabaki palepale juu ya mmea, tena likazaa mapema. Watu wakacheka mpaka kikao kikakaribia kuvunjika.

Mwishowe akasimama Bi Wande, shangazi wa Mabula, mdomo umekwisha rudi mahali pake. Ndiye aliyeumwa kwanza, kwa hiyo walimpa neno.

"Mimi mshindi simjui," akasema. "Lakini mkosaji namjua. Tangu leo mtamba si wa Kashindye. Ila atakaa kwa Kashindye mpaka apatikane wa kuamua. Atamkatia majani, atamchotea maji, atamsafishia zizi. Hatamwuza, hatamchinja, hatamkamua hata tone la kutia kwenye chai. Akizaa, ndama ni wa mshindi. Na lile tundu la mninga, alizibue kwa kucha zake."

Sasa ninyi, wenye magunzi matupu na midomo iliyojaa maneno, semeni. Aliyeona, aliyefungua, aliyehamisha kwa mikono, na aliyeingia katika ua: kamba ya Mapambo mngempa nani? Wewe unayecheka hapo nyuma, wewe ungeamua vipi?

Bishaneni, lakini msichelewe. Mapambo ameshazaa mara tatu. Ndama nao wamezaa. Zizi limejaa ng'ombe wa mtu asiyejulikana, na Kashindye, mgongo umepinda kama mundu anaoushika, bado anakata majani, na chai yake anakunywa ya rangi.